SAUTI YA MWENYEJI KATIKA MASHAURI YA ARDHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Njombe)



Jambo tulilolichagua ni hili: mwenyeji wa Njombe au wa Makambako afanyeje ili sauti yake isikiwe, wakati ardhi ya mahali pake inapotakiwa kwa kazi mpya, ikiwa ni barabara, soko, viwanja, shamba la miti au mgodi. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi makarani tu wenyeji pia. Wengi wetu tuna nyumba, miti na viazi hapa hapa. Ya pili, neno la mwenyeji halifiki mbele ya wakubwa ila kwa kalamu, na kalamu hiyo mara nyingi i mikononi mwetu.

Hatusemi kwamba maendeleo ni adui. Makambako usingekuwa mji kama ulivyo bila reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na bila njia panda ya barabara za Dar es Salaam, Mbeya na Songea. Njombe nayo ilipata mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT tangu mwaka 1949, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa. Kila jambo la namna hii lahitaji ardhi. Basi shauri si kukataa kila kitu, wala si kuitikia kila kitu. Shauri ni kwamba mwenye ardhi aulizwe kabla, asikilizwe, na alipwe haki yake.

Kwanza, yatupasa kuijua sheria. Kwa sheria ya mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana. Sheria za mwaka 1999 nazo zaiita ardhi ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Walakini zimempa mwenyeji ngao ambayo babu yake hakuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, yaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na mkutano huo si wa wazee watano: ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke.

Tena, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, lazima tangazo litolewe, nao wanaoikalia wana haki ya kutoa maelezo yao. Ikiwa ardhi hiyo haifiki hekta 250, ni Mkutano Mkuu wenyewe unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye aamuaye, baada ya kuyatazama mapendekezo ya kijiji. Wala haihamishwi mpaka watu wamepatana juu ya aina ya fidia, kiasi chake, njia ya kuilipa na wakati wake. Kwa wale wa mitaa ya mjini, Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya 2007, yataka wenye maslahi washirikishwe mpango wa mji unapotungwa. Na kwa kazi kubwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka maoni ya watu watakaoguswa yatafutwe kabla ya cheti kutolewa.

Pili, wakati. Twaona watu wengi husema sana baada ya vigingi kupigwa, na husema kidogo kabla. Habari ya ardhi huzungumzwa barabarani, sokoni, na katika vilabu vya ulanzi, hata kila mtu ana hakika yake. Lakini siku ya mkutano viti vi vitupu. Maneno ya kilabuni hayana muhtasari. Mkutano Mkuu wa Kijiji huitwa walau mara moja kila miezi mitatu; mwenyeji na aende, na kama tangazo halijabandikwa, na aulize kwa barua ni kwa nini. Mtu akisema kabla ya ramani kutiwa sahihi, aomba mstari usogezwe. Akisema baadaye, aomba fidia tu.

Tatu, namna ya kusema. Kelele hazimpi mtu haki, bali maelezo yaliyo wazi. Tutoe mfano wa vinyungu. Mpimaji akipita bondeni wakati wa masika huona majani na maji, naye aweza kuandika kwamba mahali hapo ni patupu. Lakini wenyeji wajua kwamba wakati wa kiangazi bonde lile ndilo linalolisha nyumba, kwa mahindi mabichi, maharage na mboga. Basi haitoshi kusimama na kusema, "Tunaonewa." Na aseme: kinyungu ni cha nani, kina ukubwa gani, hulimwa miezi gani, huvunwa nini, nani aliyekilima kabla yake, na mashahidi ni nani. Na aseme kweli tupu. Kwa mfano, sheria ile ya mwaka 2004 yazuia kazi za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na mwenye kulificha jambo hilo atashindwa kwa hilo hilo. Vivyo hivyo kwa makaburi, chemchemi, njia za ng'ombe, na miti iliyopandwa na mjane ambayo jina lake halimo katika daftari yo yote.

Nne, na hapa twawasemea hasa makarani: muhtasari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwananchi akisimama akakataa, na mwandishi akaandika "wajumbe walijadili na kuafiki", basi mwananchi yule hakusema kitu. Kesho Wilayani, keshokutwa Wizarani, watasoma kwamba aliafiki. Hakuna mkubwa atakayejua kwamba mama mmoja alisimama kwa nusu saa akieleza habari za shamba lake. Kwa hiyo yafaa kila muhtasari uonyeshe hesabu ya waliohudhuria, waliokubali, waliokataa, na sababu zao kwa maneno yao. Usomwe mbele ya watu kabla ya kutiwa sahihi, na nakala ibaki kijijini. Tena mwandishi akiwa na ardhi yake ndani ya eneo linalozungumzwa, na atangaze hivyo, kalamu aishike mwingine.

Tukitaka kuona nguvu ya watu waliojipanga, tuwatazame Wameru. Mwezi wa Novemba 1951 waliondoshwa Engare Nanyuki ili mahali pao pawe pa ufugaji wa Wazungu. Walichanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet kuwa msemaji, wakamtafuta mwanasheria, Earle Seaton, na mwaka 1952 shauri lao likasikiwa New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile. Lakini dunia ilisikia, na watu wa Tanganyika walijifunza. Na tukitaka kuona hasara ya kungoja, Ludewa i mkoani mwetu. Mkataba wa makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga ulitiwa sahihi mwaka 2011. Fidia ya wenyeji ilikuja mwaka 2023. Kanuni za mwaka 2001 zasema fidia ikikawia kupita miezi sita yadaiwa riba. Mwenye kuitunza nakala ya fomu yake ya uthamini ndiye awezaye kuidai.

Labda mmoja wenu atauliza: je, mtumishi wa Serikali aweza kusema katika mashauri haya? Jibu letu ni kwamba siri ya ofisi ni siri, wala haifai kuitoa nje. Lakini tangazo lililobandikwa ukutani si siri, na sheria iliyochapishwa si siri. Kumsomea jirani asiyejua kusoma si uasi. Ni kazi ya mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wenziwe.

Bwana Mwenyekiti, twaleta mashauri matatu mbele ya Chama. Kwamba kila tawi liweke nakala ya sheria tulizozitaja, ili mwanachama na jirani yake wazisome. Kwamba kila mwanachama awasomee watu wa mtaa wake matangazo ya ardhi, pasipo kudai malipo. Na kwamba wanachama walio waandishi wa mikutano wakubaliane kuandika neno la mwenye kukataa kama waandikavyo la mwenye kukubali.

Twaomba mashauri haya yajadiliwe leo, na majibu yenu, ya kukubali na ya kukataa, yaandikwe.