Mafuvu Yasiyorudi: Wapagazi wa Taita na Kumbukumbu ya Vita Vikuu vya Kwanza



Babu zetu Wadawida, yaani Wataita, walikuwa na njia yao ya kumkumbuka marehemu. Mzee alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo, kando ya mafuvu ya waliomtangulia. Mvua ilipokataa au maradhi yalipouandama mji, watu walimwendea huko. Kumbukumbu ilihitaji mwili, na ilihitaji watu wanaoujua ni wa nani.

Vita vya 1914 vilivunja vyote viwili. Agosti mwaka huo Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka uliofuata Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau. Februari 12, 1916, askari wa Afrika Kusini walishindwa kwenye kilima cha Salaita. Machi vilima vya Latema na Reata vikatwaliwa, na mapigano yakasogea kusini hadi bonde la Rufiji. Mizigo ya jeshi la Waingereza ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Mpagazi aliyeanguka kwa kuhara damu, malaria au njaa alifukiwa kando ya njia, mbali na pango la ukoo wake. Hesabu ya serikali ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaamini walikaribia laki moja.

Nendeni Voi mkaone kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyekataa kuwaacha majeruhi wake karibu na Maktau, Septemba 1915. Jina lake limechongwa, na analistahili. Wapagazi walipewa sanamu. Ile ya Nairobi ina watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi, na hakuna ajuaye ni mwana wa nani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliachwa bila majina, na ubaguzi ulichangia. Kukiri huko kulichelewa miaka mia moja.

Sasa tunaahidiwa minara mipya. Naikaribisha, lakini mnara usio na majina utarudia kosa lile lile. Majina yaliyobaki hayako London. Yako katika koo zetu, kwa wazee wa miaka themanini na zaidi ambao babu zao waliitwa kwenye Kariakoo, kikosi cha wapagazi, na kila mzee tunayemzika anaondoka na machache.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Likizo ijayo, kila mwanafunzi wa sekondari katika kata hii ya Werugha aketi na wazee wa ukoo wake, aulize nani alikwenda na hakurudi, kisha aandike jina, ukoo na kijiji. Daftari moja lipelekwe kwa Tume, na nakala ibaki mjini Wundanyi, mahali ambapo mjukuu anaweza kuingia na kuisoma bila kuomba kibali.