Samaki Kumi Hawatoshi



Leo nataka kusema nanyi juu ya dawa za kuua wadudu, na namna wataalamu wanavyoipima sumu yake. Jambo hili linakuhusu wewe mwenye bomba la dawa na mto karibu na shamba.

Wataalamu huweka samaki katika vyombo kadhaa vya maji. Chombo kimoja hakitiwi dawa. Vingine hutiwa kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena. Baada ya saa 96 huhesabu waliokufa katika kila chombo. Samaki hawafanani: mmoja hufa upesi, mwenzake huvumilia. Kwa hiyo hutafutwa kiasi kinachoua nusu yao. Kiasi hicho kikiwa kidogo, sumu ni kali.

Kwa nini chombo kimoja hakitiwi dawa? Kwa sababu viumbe hufa kwa mambo mengine pia. Ndivyo ilivyo hata kwa wadudu. Tuseme katika wadudu 100 wasiotiwa dawa wamekufa 10, na katika 100 waliotiwa dawa wamekufa 55. Usiseme dawa imeua 55. Toa 10 ambao wangekufa hata hivyo. Dawa imeua 45 katika 90, yaani nusu. Hesabu hii aliieleza W. S. Abbott wa Marekani mwaka 1925. Nawe ukitaka kujua kama dawa imekufaa, acha mistari michache bila dawa, kisha ulinganishe.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu husema, "Nimejaribu kwa samaki 10, hakufa hata mmoja, basi haidhuru." Sivyo! Chukua kiasi cha dawa kinachoua samaki 1 katika kila 10. Ukikijaribu mara 100, kila mara kwa samaki 10 wengine, mara 35 hivi hutaona hata mmoja aliyekufa. Na mtoni hamna samaki 10 tu.

Basi, fanya hivi:

1. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chombo cha dawa, usizidishe.

2. Usioshe bomba mtoni wala karibu na kisima.

3. Weka dawa mbali na watoto na chakula.

Na jirani akikuambia, "Mimi nilimwaga humo mwaka jana, na samaki wapo," mwulize aliwahesabu lini.