Kuinuka Kutoka katika Sijida



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), leo twawakumbusha jambo la wazee wetu wa hapa Vigwaza. Mzee aliyeshika jembe toka ujanani, siku moja ashindwa kuinuka kutoka katika sijida. Sisi wanawe, kwa mapenzi, twamtilia kiti; kisha twamkataza kufagia, kuteka maji, hata kwenda shambani. "Pumzika, baba." Nami nilimwambia marehemu mama yangu vivyo hivyo, na miguu yake ikalegea mbele ya macho yangu.

Sheria imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi. Ruhusa hiyo hatuigusi. Lakini udhaifu huu hauletwi na umri peke yake: msuli usiotumika hupungua, na ukitumikishwa hupata nguvu hata baada ya miaka 80. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwausia wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa juma, na ya kujimudu wasianguke siku 3. Nasi tunayo barabara kuu ya Morogoro, ambayo mzee yampasa kuivuka mabasi yakipita mbio.

Basi aketi juu ya kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kuketi taratibu mara 5, bila kujisukuma kwa mikono akiweza. Kisha ashike ukuta, ainue visigino. Kijana asimame karibu, asimnyanyue. Mwenye kizunguzungu au maumivu ya kifua atangulie zahanati. Na ile ndoo ndogo ya maji, aachiwe aibebe mwenyewe.