Ardhi ya Kijiji na Kiwanja cha Watoto

Mintarafu ya michezo ya watoto serikali yetu haina upungufu wa maneno. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao kifungu chake cha 31 chamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kisha Sheria ya Mtoto ya 2009, katika kifungu cha 8, ikaiweka haki hiyo safu moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Lakini sheria hiyo, ukiisoma kwa makini, wajibu wenyewe yamtwika mzazi au mlezi. Nami nauliza, mzazi wa Igurwa, huku Karagwe, ambaye milki yake yote ni kishamba cha migomba na kahawa, na maharage yameshika hata nafasi iliyosalia kati ya mashina, atampa mwanawe uwanja kutoka wapi?

Watoto wa vilima vya Karagwe hawakosi ufundi wala nguvu. Mpira huufunga wenyewe kwa majani makavu ya migomba. Rede, kombolela na kuruka kamba hazihitaji fundi wala bajeti. Na kupanda kilima na dumu la maji ni zoezi tosha kwa siha, ingawa kwa insafu huo ni utumishi wala si mchezo, na wanaouhesabu kuwa mchezo aghalabu hawajapata kulibeba dumu lenyewe. Kinachoadimika ni mahali tambarare, kwani katika nchi ya miteremko kipande kilicho sawa hutamaniwa na mwenye kujenga, na mwenye kuanika kahawa, na mwenye kuanzisha gulio, ilhali mtoto, anayekitumia kuliko wote, hana kauli.

Hata shule, iliyokuwa kimbilio, imebanwa. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 wanafunzi wamefurika, nayo serikali ikajenga kwa bidii. Katika mpango mmoja tu wa wakati wa UVIKO-19 yalijengwa madarasa 15,000 nchini kote, ya sekondari na ya vituo shikizi. Siilaumu kazi hiyo. Nasema tu kwamba darasa hujengwa penye nafasi, na penye nafasi mara nyingi ndipo wanapochezea watoto.

Dawa, kwa rai yangu, imo katika sheria nyingine, ambayo wapenda michezo hawaitaji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kwa sheria hiyo halmashauri ya kijiji yaweza kupendekeza, na mkutano mkuu ukaidhinisha, kwamba eneo fulani ni ardhi ya jumuiya, likaandikwa daftarini, na likisha kuandikwa haligawiwi mtu. Twaandika malisho na makaburi. Sioni sababu ya kukiacha kiwanja. Wizara inayoshughulikia ardhi iviagize vijiji kukitaja kiwanja cha watoto katika kila mpango wa matumizi ya ardhi, na halmashauri ya wilaya isipitishe ramani ya jengo jipya la shule kabla haijaoneshwa watoto watachezea wapi.

Gharama yake ni karatasi, wino, na mabishano ya mchana mmoja katika mkutano mkuu, ambao kwa kawaida huitishwa kila miezi mitatu. Mabishano hayatakosekana, maana jirani wa kiwanja huenda jembe lake limekwisha kuvuka mpaka. Basi akina mama, ambao kura wanayo na ambao ndio huulizwa mtoto yuko wapi, wakae mstari wa mbele.