Hesabu ya Vyombo vya Nyumbani Kwetu

  

Kamati imetuomba tuzungumzie vyombo na bidhaa za nyumbani za zamani, kwa sababu kila tunapokutana hapa Dar es Salaam maongezi huishia huko: pasi ya mkaa, sabuni ya mche, redio ya betri. Sisi tunaoshika vitabu vya chama tumekubali, ila kwa desturi ya kazi yetu. Mhasibu akiingia ghalani huhesabu kwanza vilivyomo, kisha huuliza vililipiwa na nani. Jioni hii tutafanya hivyo hivyo.

Tuhesabu basi. Chukueni nyumba moja ya miti na udongo, paa la makuti, miaka ya 1980, iwe Msimbati, Madimba, Kilambo au Mahurunga. Barazani pana mkeka, na kiti kimoja ambacho ni cha mgeni. Chumbani pana kitanda cha kamba za makumbi ya nazi. Kikilegea, kinakazwa upya. Chini ya kitanda pana sanduku la bati lenye kufuli, na ndani yake khanga ambazo hazijavaliwa, kadi za kliniki na stakabadhi za korosho. Ukutani imetundikwa chemli, ambayo kioo chake husafishwa kila jioni na mtoto mwenye mkono mdogo unaopenya. Chemli ni ya mgeni na ya mgonjwa. Siku za kawaida kinawashwa kibatari cha kopo.

Uani pana mafiga matatu, chungu cha mchuzi, kinu na mchi, ungo, mbuzi ya nazi, kifumbu, upawa na mwiko. Pana sahani za bati zenye maua, tano au sita, zilizobanduka ukingoni na kuacha weusi. Pana debe, ambalo ni chombo cha maji na pia kipimo cha nafaka. Na kwenye kivuli pana mtungi, na juu yake kata ya kifuu. Maji ya mtungi ule yalikuwa na ubaridi na harufu ya udongo ambavyo friji zetu za leo hazijaviweza.

Sabuni ilikuja kwa mche, ikakatwa vipande. Ilipoadimika, kina mama walifulia majani ya mpapai. Masufuria yalisuguliwa kwa majivu na mchanga, yakang'aa. Betri za redio zilipochoka zilianikwa juani, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Orodha yote ya nyumba hiyo inaenea ukurasa mmoja wa daftari, na nafasi inabaki.

Uchache huo ulikuwa na sababu, na ni vizuri vijana wetu wazijue. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Sukari, sabuni na khanga zilipitia maduka ya RTC na ya ushirika, na huko mitaani na vijijini balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua kaya ipi ina watu wangapi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Kuanzia 1984 biashara ikaanza kulegezwa, na ndipo mitumba na bidhaa za nje zikaonekana kwa wingi.

Kwetu kusini ziliongezeka sababu mbili. Ya kwanza ni njia. Mvua ikinyesha sawasawa, barabara ya Dar es Salaam ilikatika, na Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Agosti 2003, wengi wetu tukiwa tayari watu wazima. Kabla ya hapo tulitazama baharini tukingoja meli, na meli ikichelewa, sukari ilipanda bei.

Ya pili ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei haikumpa mkulima moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia. Kwa watu wa kwetu korosho ndiyo benki. Sahani, godoro, baiskeli ya Swala na doti ya khanga vilinunuliwa kati ya Oktoba na Desemba, au havikununuliwa mwaka huo. Kwa hiyo sahani tano za maua hazikuwa kitu kidogo. Kila moja ilikuwa na magunia nyuma yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya hesabu haviwezi kulionyesha. Nyumba ilikuwa na vyombo vichache, lakini mtaa ulikuwa na kila kitu. Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele, ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Jumapili asubuhi na siku ya Idi ilitembea mlango hadi mlango ikiwa bado ya moto, na aliyeipokea aliongeza mkaa wake. Redio ilikuwa moja, na mwenye redio alikuwa na wajibu: akisikia tangazo la kifo kutoka Radio Tanzania, ni yeye aliyevaa kandambili usiku na kwenda kubisha hodi. Panapo arusi au msiba, sahani na sufuria zilikusanywa kutoka kila nyumba. Kila mama aliweka alama yake chini ya sahani, uzi au tone la rangi. Shughuli ikiisha, vyombo vilitengwa na kurudi vilikotoka. Na sahani iliyokuja na chakula haikurudishwa tupu.

Huo ulikuwa uhasibu kamili. Mali ilijulikana, mkopo ulijulikana, mdaiwa alijulikana, na hapakuwa na karatasi. Nasi tunaamini kwamba chama hiki kimetoka pale. Aliyekianzisha hakukitoa kwenye kitabu cha sheria. Alikiona kwenye pasi inayotembea.

Lakini tulisema tutauliza pia nani alilipa, kwa maana hesabu yenye upande mmoja si hesabu.

Kibatari tunachokisifia kilitoa moshi ulioacha masizi puani, na wapo waliosoma kwa mwanga wake hadi mtihani wa darasa la saba macho yakiwasha. Mafiga matatu yalitaka kuni, na kuni zilitaka mgongo. Kinu kilitaka mikono ya mabinti kabla ya alfajiri. Na mtungi wa maji baridi ulijazwa na mtu. Maji hayakuwa jirani. Kwenye vijiji vyetu vya pwani visima vifupi hupata chumvi kiangazi kinapokaza, na ndugu zetu wa juu, uwanda wa Makonde, walishuka mabondeni kuyafuata. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mtoto wa miaka kumi akiibeba, kichwani pake kuna zaidi ya nusu ya uzito wake. Tukisema tunaukumbuka mtungi, tukumbuke na shingo.

Tazameni tena ile orodha, mwulize kila chombo kiko wapi leo. Kinu kimepumzishwa na mashine ya kusaga. Redio iko ndani ya simu. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, na taa ndogo za nguvu ya jua zimekiondoa kibatari kwenye nyumba nyingi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, baadhi yetu tukiwa bado migongoni mwa mama zetu. Tangu 2015 inasafiri kwa bomba kutoka Madimba hadi huku, na sehemu ya umeme wa jiji hili inatokana na gesi. Chemli tunazinunua sasa kwa bei ya juu tuzitundike sebuleni ziwe pambo.

Chombo kimoja tu hakijastaafu. Mtungi umekuwa ndoo ya plastiki, debe limekuwa dumu la njano, lakini kichwa ni kilekile. Kwetu hapa hiyo ni kumbukumbu, tunaisimulia huku tukifungua bomba. Kwa wajukuu wa wale kina mama, ni kazi ya kesho asubuhi kabla ya kengele ya shule.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu, Ndugu Mwenyekiti, unahusu jambo moja: kuvuna maji ya mvua kwenye paa la shule. Tumeona vyema tuwape hesabu yenyewe, ili mtu anapotoa ajue anatoa kwa ajili ya nini.

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Mtwara hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la madarasa lenye mita za mraba 120 hupokea basi lita 120,000. Tukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayomwagika na yale ya kwanza yanayosafisha paa, zinabaki lita 96,000, yaani ndoo 4,800. Leo maji hayo yote yanaanguka chini na kuchimba msingi wa darasa.

Hatuwezi kuyahifadhi yote. Matangi mawili ya lita 10,000 yakijaa masika yanapokwisha, tunakuwa na ndoo 1,000. Kutoka Juni hadi mwisho wa Oktoba ni kama siku 150, kwa hiyo ni ndoo sita kwa siku na akiba kidogo. Ndoo sita ni lita 120, nusu lita kwa watoto 240. Tusidanganyane: maji hayo hayatoshi kufua wala kumwagilia bustani. Yanatosha watoto kunywa darasani kiangazi kizima bila kutumwa kisimani, na hilo ndilo tunaloahidi.

Kinachotakiwa ni mifereji ya bati, mabomba, matangi mawili, saruji ya msingi wake, na fundi. Anayetaka kutoa fedha atatoa fedha. Mwenye duka la vifaa anaweza kutoa bati au mifuko ya saruji, nasi tutaiandika kwa thamani yake. Walioko nyumbani wameshasema mchanga, kokoto na nguvu kazi ni juu yao; hilo nalo litaingia kitabuni, kwa kuwa jasho ni mchango. Kila atoaye atapata risiti, hata ya shilingi elfu moja. Mapato na matumizi yatabandikwa shuleni, mahali ambapo mzazi yeyote atayasoma, pamoja na kusomwa hapa mwakani.

Tunawaomba mtoe kama ilivyokuwa kwa vyombo vya shughuli. Hakuna nyumba iliyotoa sahani mia moja. Kila moja ilitoa tano, ikaweka alama yake chini, na watu wote wakala.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, waliotulea kwa vyombo vichache na mikono mingi. Walio hai awape afya na umri. Bahasha ziko mezani kwa mweka hazina, na daftari liko wazi.