Tabaka la Kwanza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya fizikia niliyoisomea Chuo Kikuu kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali. Nimechagua kitu chembamba kuliko unywele: utando wa vipitishi-kamili, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote.

Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliona kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake hutoweka. Baridi ya namna hiyo ni ghali mno. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zürich, Uswisi, waligundua jambo hilo katika kauri yenye shaba na oksijeni, bila kuhitaji baridi kali kiasi hicho. Mwaka uliofuata ikapatikana kauri ya itriamu, bariamu na shaba, ambayo ukinzani wake hutoweka kwenye nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Naitrojeni ya maji, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, inatosha kuipoza, nayo hutolewa katika hewa hii tunayovuta.

Dunia ilishangilia, lakini tatizo likabaki. Kauri iliyochomwa tanuruni kama chungu ilipitisha mkondo mdogo tu. Kwa nini? Kwa sababu ni chembe nyingi za fuwele, kila moja imeelekea upande wake. Umeme hupita vizuri ndani ya chembe, lakini hukwama mpakani. Mwaka 1988 wataalamu wa IBM huko Marekani walipima mpaka mmoja mmoja, wakaona kwamba kadiri pembe baina ya chembe mbili inavyoongezeka, ndivyo mkondo unavyopungua.

Dawa yake ni kuotesha utando taratibu. Leza hupiga kipande cha kauri. Mvuke wake hutua juu ya bamba la fuwele lenye moto wa nyuzi 700 hadi 800, mahali penye oksijeni kidogo. Atomu hutembeatembea, hushikana zikawa visiwa, na visiwa hutanuka hata vikakutana. Pengine utando hupanda kwa kuzunguka, mfano wa ngazi ya mnara, kila mzunguko ukiongeza kimo cha milioni moja hivi ya milimita.

Bamba likiwa limepangika, tabaka la kwanza hufuata mpango huo, na yanayofuata huiga. Moto ukipungua, atomu hukosa nguvu ya kutafuta mahali pake, na baadhi ya chembe husimama kiubavu. Utando mzuri, ukiwa katika naitrojeni ya maji, hupitisha zaidi ya ampea milioni moja kwa kila sentimita mraba. Mwaka 2021, huko Massachusetts, sumaku ya tepe zenye utando huu ilifikia tesla 20.

Wala si kila kasoro ni adui. Vijichembe vya kigeni vilivyotawanyika ndani ya utando huizuia mistari ya usumaku isitembee, maana ikitembea ukinzani hurudi. Kasoro inayodhuru zaidi ni ya mpangilio, nayo mara nyingi huanzia chini.

Sasa niwageukie wazee wenzangu. Mchana huu tutaamua fedha zetu ziende wapi. Wako wanaotaka ukumbi; wako wanaotaka vyombo vya maabara kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Mimi naomba tuanze na Kidato cha Kwanza. Kijana aliyekokotoa ukinzani ubaoni kwa miaka minne bila kugusa waya wala betri, hata akifika Kidato cha Tano, vyombo vizuri havitamnyoosha kwa urahisi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nyaya, betri na mita za kupimia mkondo kwa darasa moja si mzigo kwa watu tulio hapa. Mimi nimekwisha ahidi mita sita. Karatasi ya ahadi iko kwa Mweka Hazina.