Motokaa Kuukuu kwa Kodi Mpya
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tinde)



Tumekutana kwenye njia panda isiyolala. Barabara itokayo Nzega inagawanyika hapa kwetu: moja yaenda Shinyanga mjini hadi Mwanza, nyingine yaenda Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Motokaa zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam zinapita mbele ya macho yetu kwenda Rwanda na Kongo. Leo tunauliza: kwa nini mtu wa Tinde aliyefanya kazi miaka mingi hawezi kununua hata moja?

Wapo wasemao kwamba motokaa ni anasa. Hatukubali. Mama anayepelekwa kujifungua usiku juu ya pikipiki hatafuti anasa. Mkulima anayetaka kufikisha mazao yake sokoni kabla hayajaoza hatafuti anasa. Wanatafuta njia ya kuishi.

Basi tuitazame bei yenyewe. Motokaa hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1966, shilingi yetu ilipozaliwa, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600. Tena, baada ya ugonjwa wa korona kuingia mwaka 2020, viwanda vya ng'ambo vilikosa vipande vya elektroniki, motokaa mpya zikaadimika, na bei ikapanda dunia nzima. Aliyekosa mpya akakimbilia kuukuu, nazo zikapanda.

Ndiyo maana wengi wetu hutazama Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wa motokaa kwao ni ghali, hata wengi huziuza zingali nzima. Lakini ikifika bandarini hesabu inaanza upya.

Tuchukue motokaa ndogo ya injini ya sisi 1,500, yenye umri uliopita miaka 10, iliyokadiriwa thamani ya shilingi milioni 10 pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. Kwa sababu ya uzee wake inaongezwa asilimia 30. Juu ya yote hayo inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Jumla inafika shilingi 19,912,500, na tozo nyingine ndogo tumeziacha.

Sasa tuchukue motokaa mpya ya injini ile ile, yenye thamani ya shilingi milioni 40. Hii haitozwi uzee. Inatoka bandarini kwa shilingi 61,950,000. Pimeni wenyewe, ndugu zangu: kwa kila shilingi 100 za thamani, mwenye motokaa mpya analipa kodi ya shilingi 55; mwenye kuukuu analipa shilingi 99. Asiyeweza kununua mpya ndiye anayebebeshwa mzigo mkubwa zaidi!

Tunaijua sababu ya kodi hiyo. Motokaa kuukuu hutoa moshi, hula mafuta, na nchi haitaki kuwa jaa la vyuma vya wengine. Sababu hiyo ni njema. Lakini adhabu humfaa mtu mwenye hiari ya kuchagua, na asiye na milioni 60 hana hiari. Motokaa ipimwe kwa breki zake na moshi wake, isihukumiwe kwa mwaka wa kuzaliwa peke yake. Hilo tulipeleke kwa madiwani na wabunge wetu, kwa hesabu hii hii, bila matusi na bila woga.

La pili ni letu wenyewe. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa nchi hii ya Usukuma waliunda shirikisho la vyama vyao, VFCU, chini ya Paul Bomani. Hakuna aliyengoja awe na kinu chake nyumbani; waliungana, wakapata vinu vya kuchambulia pamba vilivyo vyao. Sisi leo tuna vyama vya msingi na vyama vya akiba na mikopo. Familia 30 zinaweza kupata gari moja la mizigo na moja la wagonjwa, kwa daftari lililo wazi na dereva anayewajibika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La tatu ni la taifa. Pale Kibaha, kwenye kituo cha Nyumbu, jeshi letu lilikwisha kuonyesha kwamba Mtanzania anaweza kuunda gari. Ujuzi upo, unadai viwanda.

Ndugu, barabara hii inapita mbele yetu. Haifai tuwe watu wa kusimama kando yake na kupungia mkono vumbi. Hesabu mmeisikia, nendeni nayo matawini, mkaisome kwa sauti.